Sekunde Tisa

Diski inagonga. Tik. Inanyamaza. Tik, tik,
kama mgeni asiyetaka kufunguliwa mlango,
anataka tu kujua kama upo.

Jumamosi, Tabata Kimanga. Feni nimeielekeza kwenye kompyuta;
jasho natoka mimi kwa niaba yetu wawili.

Mwamvita kanipigia tangu alfajiri:
"Dada, itafute ile video. Wakwe wanataka cherehani.
Mama Chande anasema ni yake,
shangazi Mwajabu anaapa ni yake,
na mimi siku ile nilikuwa chini ya shela,
nitajuaje nani kaleta nini?"

Nikamwambia usihofu, nakala ninazo.
Kila Ijumaa, miaka sita, kabla sijabandika wali,
nimechomeka flashi, nimenakili,
nimeichomoa kwa adabu, kama inavyotakiwa.
Leo ndiyo naifungua hiyo akiba yangu:
mafaili mia tatu na arobaini,
kila moja kilobaiti mbili.
Harusi nzima, kilobaiti mbili!
Kumbe nilikuwa nahifadhi njia za mkato.
Vibao vya barabarani: "Harusi, kule."
Miaka sita natunza vibao, mji sina.

Imebaki diski hii inayogonga.
Sikufungua kitu. Nakili kwanza, ndipo utazame:
alinifunza Sikudhani, fundi wa Mtaa wa Aggrey,
aliyenitoza elfu thelathini
kwa kunirudishia picha nne na nusu;
ile nusu iliishia kwenye paji la uso,
chini yote kijivu.

Mstari wa kijani unatambaa. Asilimia kumi na nne.
Asilimia kumi na nne.
Na ukutani LUKU imeanza kulia.
Nikanunua umeme wa elfu tano kwa simu,
tarakimu ishirini, nikakosea ya kumi na saba,
nikaanza upya, vidole vinateleza,
nyuma yangu tik, tik.

Asilimia mia. Saa tisa na dakika ishirini.
Sikupiga kigelegele. Nilikunywa maji.

Programu ya kwanza ikakataa: aina ya faili haitambuliki.
Ya pili ikatoa sauti, picha giza.
Nikashusha kodeki kwa bando lililokuwa linakata roho,
na ukumbi wa Magomeni ukawaka.
Vigelegele kwanza, ndipo vinywa vinafunguka.
Watu wanacheka,
mshehereshaji bado hajafikia mzaha.
Hivyo ndivyo tulivyoitazama miaka kumi na minne,
tukisema kamera ya mjomba Pazi ina haraka.

"Shangazi Mwajabu, kutoka Lindi!" inasema sauti,
na kwenye picha vijana wawili wameinua cherehani.
Shangazi hakuwepo. Alituma pesa kwa mkono wa mjomba;
alichokiona kwenye kioo ndicho alichokiamini.

Nikaanza kubonyeza K.
Kila mbonyezo, sauti inachelewa milisekunde hamsini.
Mia na themanini, nikihesabu kwa tasbihi ya marehemu baba,
mpaka midomo ikayapata maneno yake.

Cherehani: "Mama mzaa bwana harusi!"
Kisha: "Shangazi Mwajabu, kutoka Lindi!"
na mtoto anapita, mkono mmoja,
na chupa ya chai, nyekundu,
lebo ya bei bado inaning'inia.

Sijui ilikosea kamera au mwenye kamera.
Mjomba yupo, Vingunguti, anauza mitungi ya gesi,
na kila Idi tunakula naye sinia moja.

Nimefanya nakala tatu, za kweli safari hii,
nimezifungua moja moja mpaka mwisho.
Moja nimeificha kabatini, chini ya vitenge.

Mwamvita ametuma ujumbe wa sauti: "Vipi, imefunguka?"
Nyuma yake namsikia shangazi, anacheka,
anamsimulia mtu habari za cherehani.

Pembeni mwa K kuna J. Hiyo inarudisha.
Mia na themanini tu.
Diski imenyamaza.